Orodha Iliyofunguka Siku ya Kwanza

Nakumbuka siku moja ya wakati wa vita ambayo hakuna risasi iliyolia wala mtu aliyekimbia. Jua liliwaka vizuri, majirani walianika mihogo yao uani, na mimi nikafanya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Mwanangu, habari hii nimeisimulia vibaya mara nyingi, kila mara nikijipunguzia hatia kidogo. Leo nataka kuisimulia sawasawa. Na usizitazame sana nywele zangu, sijazeeka kiasi hicho. Mvi za mapema ni za ukoo wa mama yangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane, na watu wa avenyu yetu, hapa Kindu, waliniita Sakina Daktilo. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu. Nilikuwa nimeisomea, na kabla ya vita niliifanya katika ofisi moja ya mjini. Vidole vyangu vilikuwa na haraka ya ajabu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba daktilo mzuri hasomi anachokiandika. Sikio linapokea, vidole vinatoa, kichwa kinapumzika. Ukianza kufikiri maana ya maneno, alisema, mwendo unapungua na makosa yanaongezeka. Nililishika somo hilo vizuri mno. Ningeweza kukuandikia kurasa tatu za hotuba ya mkubwa huku nikiwaza kama sombe ya nyumbani, yale majani ya mihogo, imekwisha kutwangwa, na kurasa zikatoka bila kosa. Nilijivunia jambo hilo.

Nilikaa kwa baba yangu mkubwa, Mzee Amisi, aliyekuwa karani wa reli hadi treni zilipoacha kuja. Karani wa reli hata akikosa treni hakosi la kuandika. Watu walipoanza kukimbia mji, yeye alichukua daftari, akaketi mlangoni, akawa anamwandika kila anayeondoka: jina, umri, yuko na nani, anakwenda wapi. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba maisha yake yote hakuna mzigo uliotoka stesheni bila kuandikwa, sembuse binadamu. Simu hazikuwepo, barua hazikupita, kwa hiyo mtu aliyerudi akakuta nyumba yake tupu alikuja kwa Mzee Amisi kuuliza wake wameelekea wapi. Alikuwa akivaa miwani, anapekua, anasoma kwa sauti kama anatangaza treni, na mtu anaondoka akijua pa kwenda.

Halafu nikaja mimi na usasa wangu. Mgeni mmoja aliyepanga nyumba ya jirani aliondoka vita vilipoanza, akamwachia Baba Mukubwa kompyuta yake ya nyumbani. Hata siku zile ilikuwa ya zamani: sanduku zito, skrini yenye tumbo kubwa, kibodi iliyofutika herufi. Tuliiwasha kwa betri ya gari iliyochajiwa na paneli ya jua juu ya bati. Nilikuwa nimejifunza kompyuta kwa miezi mitatu tu, lakini miezi mitatu ilinitosha kumcheka mtu mwenye kalamu. Nilimwambia Baba Mukubwa kwamba daftari linalowa, linapotea, linaliwa na mchwa, na mashine haisahau. Nikayaingiza madaftari yote ndani, jina kwa jina, katika orodha moja ndefu. Karatasi zake tukampa mama muuza karanga afungie karanga. Baba Mukubwa alizitazama zikienda, akasema tu, "Weye njo unajua," yaani wewe ndiye unayejua. Naona aibu kukuambia kwamba niliisikia kama sifa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo Salima anapoingia. Salima alikuwa mtoto wa miaka saba wa jirani yetu, Mama Salima. Siku moja mama yake alikwenda shambani, upande wa njia ya reli, na mapigano yakaikata njia nyuma yake. Alikaa huko siku kumi bila uwezo wa kurudi. Mjini hofu ikapanda, watu wakaanza kuvuka Lualaba kwa mitumbwi kwenda ng'ambo, na mwanamke mmoja muuza mafuta ya mawese, ambaye alikuwa akimuuzia Mama Salima sokoni, akamkuta mtoto analia peke yake mlangoni. Akaamua kwenda naye kwao, Kampene. Kabla ya kushuka mtoni alimleta kwetu aandikwe. Baba Mukubwa hakuwepo, kwa hiyo alisimama mbele yangu mimi, mtoto mkononi, akaniambia jina lake na la mtoto na wanakokwenda. Nikaandika haraka, vidole vikilia kama mvua juu ya bati, nikamwambia imekwisha, aende salama.

Mama Salima aliporudi, miguu imevimba, alikuja moja kwa moja kwetu. Nilimwambia mtoto amechukuliwa na mama mmoja mwema wa sokoni, wameandikwa, kila kitu kiko ndani ya mashine. Siku hiyo betri ilikuwa imekwisha, na njia ya Kampene ilikuwa imefungwa. Aliketi chini palepale, akamshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi. Sokoni walikuwapo wauza mafuta wengi, wengine wakikaa wiki moja na kuondoka, na yeye aliwaita wote mama tu, hakujua ni yupi. Lakini jina liko kwa Sakina, alisema, basi hakuna shida.

Wiki chache baadaye tulisikia kwamba watu wenye silaha wanaingia nyumba kwa nyumba kuchukua vitu. Kila parseli, kila kiwanja chenye nyumba hapa Kindu, wakati ule ilikuwa na shimo lake. Watu walizika redio, cherehani, mabati, sahani za harusi. Sisi tukazika kompyuta. Tuliifunga kwa turubai, tukaiweka katika shimo ndani ya jiko, tukaifunika kwa udongo na kuni juu yake. Ilikaa humo karibu mwezi mzima, na mvua za huku unazijua wewe mwenyewe, hazihitaji maelezo.

Tulipoifukua turubai lilikuwa na maji kwenye kona. Nilitaka kulia. Mama mkubwa, mke wa Baba Mukubwa, akasema kitu chochote kilicholowa nyumbani kwake hukauka kwenye uchanja, pale juu ya jiko tunapokaushia samaki na mahindi. Tukalipandisha sanduku la kompyuta huko, tukawasha moto mdogo chini yake, likakaa siku tatu kati ya samaki. Usicheke. Au cheka, lakini ujue kwamba nilikubali, mimi niliyesoma. Liliposhushwa lilinuka moshi hivi kwamba paka alilifuata hadi sebuleni.

Basi ile siku ya jua niliyoanza nayo ndiyo hiyo. Niliunganisha waya, nikawasha. Ilinguruma, ikanyamaza, ikatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia humo ndani, tk-tk-tk, kisha ikafunguka. Nilipiga kelele ya furaha. Nikafungua orodha, nayo ikafunguka yote. Niliishusha mpaka mwisho kabisa nikaona kwamba haikukatika popote. Mama Salima alikuwa amesimama mlangoni, ameacha mihogo yake.

"Sakina, jina ya mutoto wangu iko?"

"Iko, mama. Hakuna kitu kilipotea."

"Na ya ule mama mwenye iko naye?"

"Iko vilevile. Ngoja kwanza nitengeneze mashini, iko inalia vibaya. Kesho nitakusomea muzuri."

"Kama iko, basi iko," akasema, akarudi kwenye mihogo yake amefurahi.

Nami nikaifunga orodha. Mwanangu, majina yote yalikuwa mbele ya macho yangu, kalamu ilikuwa mezani, mama mwenyewe amesimama hatua tano kutoka nilipo, nami nikaifunga ili nikashughulike na ile sauti.

Kilichofuata sikukielewa wakati ule na sikielewi vizuri hata leo. Kompyuta ilikuwa na programu ya kuikagua diski, kile kisahani cha ndani kinachotunza yote uliyoandika. Ukiiwasha, skrini inajaa visanduku vidogo vidogo, vinapakwa rangi kimoja kimoja kadiri diski inavyopimwa, na palipo pabovu inaandikwa herufi B nyekundu. Mara ya kwanza nilipata B tatu. Mashine ikaniuliza kama irekebishe, nikajibu ndiyo. Nikaikagua tena nihakikishe imepona, nikakuta B kumi na moja. Nikarekebisha tena. Siku ya pili zilikuwa nyingi hata nikaacha kuzifuatilia. Nilichanganyikiwa kabisa. Kila nikiitibu inazidi kuugua, na kila ikizidi kuugua naitibu zaidi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Labda ni waya, nikachomoa ule waya bapa wa kijivu unaounganisha diski, nikaufuta, nikaurudisha. Ikafanya kazi nusu saa, nikashangilia, kisha tk-tk-tk. Labda ni vile vipande vya kumbukumbu, nikavisugua miguu kwa kifutio cha penseli kama tulivyofundishwa. Hakuna kilichobadilika. Labda betri ni dhaifu, nikaazima nyingine kwa jirani. Labda ni moshi wa samaki, na hapo nikamkasirikia mama mkubwa bure. Asubuhi inasoma, saa sita inakataa, jioni inasoma kidogo halafu inakataa. Nilikuwa na maelezo mapya kila siku, na kila siku nilimweleza Mama Salima lile la siku hiyo kwa uhakika mkubwa. Neno moja tu sikulitamka, nalo ni kwamba sijui. Sakina Daktilo aseme hajui? Avenyu nzima ingesikia.

Mama Salima alikuja kila siku. Siku ya nne alikuja na habari kwamba njia ya Kampene imefunguka kidogo, kuna kundi la wauza chumvi linaondoka kesho yake, naye anataka kwenda nao. Alihitaji jina tu. Nilimwambia asubiri hadi mchana. Niliikagua diski tena.

Ndipo Baba Mukubwa alipovuta kiti chake karibu nami. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hata akikasirika.

"Sakina, unatafuta nini mule ndani?"

"Natafuta ugonjwa yake, Baba Mukubwa."

"Ni nani alikuomba ugonjwa?" Akaondoa miwani. "Huyu mama alikuomba jina ya muntu. Siku nne sasa unapima mashini. Siye ku reli, kama wagoni imeanza kuvunjika, tunashusha kwanza mizigo ya watu. Mizigo yote, mupaka ya mwisho. Kiisha njo tunaita fundi aangalie wagoni iko na nini. Weye unapiga nyundo ku wagoni, na mizigo ya watu iko ndani."

Machozi yalinitoka, na nilijua kabisa kwamba ni ya aibu kuliko ya huruma, jambo linaloniumiza mpaka sasa. Kisha akaniuliza kwa upole mashine husoma vizuri saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, ikiwa bado baridi. "Basi tuizime," akasema. "Ipumuzike. Asubuhi mapema utasoma, miye nitaandika."

Asubuhi hiyo Mama Salima alikuja na kifurushi chake cha safari kichwani. Wauza chumvi walikuwa wakimsubiri ufukweni. Baba Mukubwa alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili. Nikawasha, ikafunguka kwa taabu, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma jina, naye anaandika na kurudia jina hilo, nami naendelea. Ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Wakati mwingine skrini iliganda tukashika pumzi, kisha ikaendelea. Salima alikuwa karibu na mwisho, kwa sababu aliondoka karibu na mwisho, na mashine ilikuwa ikitoa ukurasa kwa ukurasa tu, kuruka mbele ilikataa. Hatimaye nikamwona, nikasoma kwa nguvu mama yake asikie: "Salima, mtoto wa kike, miaka saba, anapelekwa Kampene, yuko na mama..."

Hapo yakatokea maandishi ya Kifaransa kwamba diski haisomeki. Tk-tk-tk, tk-tk-tk, halafu kimya. Haikuwaka tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

"Mama nani?" akauliza Mama Salima.

"Weye njo uliandika, Sakina," akasema Baba Mukubwa. "Kumbuka tu."

Nilifumba macho nikamwona yule mwanamke vizuri kabisa. Kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kilikuwa na ndege wa njano. Jino moja la mbele lilikuwa limepasuka kidogo. Mikono yake iling'aa mafuta ya mawese, na Salima alishika kidole chake kimoja tu, kidogo kile cha mwisho. Sauti yake niliisikia. Jina halikuja. Sikio lilikuwa limelipokea na vidole vikalitoa, na kichwa, kama nilivyofundishwa, kilikuwa kimepumzika. Mama Salima alinisubiri hadi wauza chumvi walipomwita mara ya tatu. Akanyanyua kifurushi, akaenda Kampene kumtafuta mwanamke mwenye ndege wa njano.

Kila aliyemuuliza huko alimjibu kwa swali moja, huyo mama anaitwa nani. Kampene ni mji wa wachimbaji na wauzaji, mtu anaingia leo na kesho ametoka, na vikwembe vya ndege wa njano viliuzwa mwaka ule kila soko. Alikaa mpaka mvua zikaisha, akarudi peke yake. Baadaye sana tulikuja kujua kwamba wakati huohuo Salima alikuwa kwenye shamba la kaka wa yule mwanamke, mwendo wa nusu siku tu kutoka Kampene, na njia nzima watu walimfahamu mwanamke huyo kwa jina lake.

Salima alirudi baada ya miaka minne, vita vilipotulia. Yule mwanamke alimleta mwenyewe, kwa kinga, baiskeli ya kukodi, hadi ng'ambo na mtumbwi mpaka huku. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mrefu, mwenye haya, akimwangalia mama yake kama unavyomwangalia mgeni ambaye umeambiwa umsalimie. Mama Salima alilia, akacheka, akaja kwetu akimvuta mkono. "Baba Amisi, andika mu kitabu kama mutoto wangu amerudi." Kisha akaniita, "Sakina, kuja umuone." Angenitukana ningepumua. Nilijificha jikoni mpaka yule mwanamke akaaga akashuka mtoni, na sikumuuliza jina lake. Niliona aibu kuliuliza mbele ya watu. Unaona jinsi mtu anavyoweza kurudia kosa lilelile akiwa macho?

Leo nina kijumba changu karibu na soko, napiga taipu na kutoa fotokopi, na watu huniletea kompyuta zao zikizingua. Majuzi Salima alikuja. Ni mtu mzima sasa, ana wanawe, anashona nguo. Mama yake tulimzika miaka miwili iliyopita. Alibeba kompyuta yake ya nyumbani, ya zamani, skrini na sanduku lake, akaiweka mezani na kuiwasha, nami nikaisikia kabla hajasema neno. Tk-tk-tk.

Humo ndani alikuwa ameweka sauti ya mama yake. Kabla mama hajafariki, Salima alikuwa akimrekodi kwa simu, mama anasimulia alivyotembea kwenda Kampene, anaimba nyimbo za shambani, anawataja ndugu. Simu iliibiwa, na sauti zikabaki humo tu.

"Mama Sakina, inagonjwa nini?"

Mikono yangu ilitaka kushika waya wa diski, kama zamani. Nakuambia kweli, ilitaka kweli. Niliibana katikati ya mapaja.

"Sijui," nikasema.

"Weye fundi, unasema hujui?"

"Sijui, mwanangu. Tushushe kwanza mizigo."

Nilichomeka diski ndogo ya nje, nikamuuliza anataka nini kitoke kwanza, akasema sauti. Tukaanza na sauti, moja baada ya nyingine, hatukugusa kitu kingine. Ilipoanza kupata joto tuliizima, tukanywa chai, tukaiwasha tena. Zikatoka zote isipokuwa moja, halafu picha, nyingi kati ya hizo. Ilipokwisha ndipo nikaanza kuipima, na mwanangu, nimechanganyikiwa kama zamani. Nilibadilisha waya ikatulia siku mbili. Ikaanza tena. Fundi mmoja anasema diski imekufa, mwenzake anasema ni umeme unaoingia vibaya, na mimi nina wazo langu ambalo kesho huenda nikaliacha. Safari hii sikosi usingizi. Salima ana sauti ya mama yake.

Lakini wakati tulipokuwa tukisubiri, tumeketi na vikombe vyetu, niliuliza swali lililokaa kooni miaka zaidi ya ishirini. "Salima, ule mama aliyekuchukua, anaitwa nani?"

Alinitazama kwa mshangao. "Hamukujua? Feza. Mama Feza Mulenda. Angali muzima, anakaa upande wa machimbo." Akachukua simu, akampigia palepale, akamwambia yuko na Sakina wa Mzee Amisi, akanipa.

Sauti ilikuwa ileile, imezeeka tu. Nilimsalimia, nikamwomba msamaha, nikamwambia kwamba siku ile sikulishika jina lake.

"Sakina? Ule daktilo?" akasema. "Jina yangu nilikuambia mara mbili, mwanangu. Nilikuuliza, umesikia? Ukanijibu, ndiyo, iko ndani."

Mwanangu, wewe una mashine nzuri kuliko zangu zote, na ndani yake umeweka watu wako. Ikianza kulia vibaya, usikimbilie kujua inaugua nini. Toa kwanza kilicho cha watu, kile ambacho mtu anakisubiri mlangoni, ukiweke mahali pengine, na ukikosa mahali chukua kalamu. Ugonjwa utautafuta baadaye, na ukikushinda, useme umekushinda. Aibu yake ni ndogo, inapita kabla chai haijapoa. Na mtu akija kukuachia jina, vua haraka yako. Mtazame usoni, lirudie kwa mdomo wako mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umelisikia. Mimi Feza Mulenda namtaja sasa kila ninapofungua mlango wa kijumba changu, kwa sauti, na wapita njia wanadhani nimeanza kuongea peke yangu. Acha wadhani.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akulindie wale unaowapenda wakiwa karibu na wakiwa mbali, na siku nawe utakapokuwa mbali, asikosekane mtu mmoja nyumbani anayeweza kusema bila kutazama popote kwamba uko wapi, na uko na nani. Amina.